Tawi la Tandika Linafungwa

Jumatatu, 24 Juni 2024

Msiba! Tangazo limebandikwa mlangoni: tawi la benki linafungwa Ijumaa. Wateja twende mjini, au tutumie simu. Simu! Na kibanda changu cha fotokopi, kilichotazamana na mlango ule miaka yote, sasa kitazame nini? Naukumbuka ufunguzi, 2011. Matarumbeta, maputo, soda za bure. Nilikunywa sita. Binti aliyekuwa nyuma yangu kwenye foleni akauliza kama kwetu hakuna maji. Nikamuoa. Leo Mwajabu anasema alitaka tu nisogee.

Jumanne, 25 Juni

Elibariki, mlinzi, kaninong'oneza: kesho anakuja bosi kutoka makao makuu. Nimepata mbinu! Akikuta ukumbi umefurika, atafungaje? Nimewaomba akina mama wote wa kikoba waje, nitawatolea kopi bure. Husseinali wa duka la vifaa vya ujenzi kakataa. Eti yeye siku hizi humaliza kila kitu kwa simu. Msaliti!

Jumatano, 26 Juni

Ukumbi ulifurika! Watu wanaulizana hali, watoto wanalia, feni inazunguka bila msaada wowote. Kama enzi zile. Nusura nilie. Bosi, dada mmoja anaitwa Gladness, akamuuliza Bi Zubeda wa kikoba amefuata nini.

"Kufunga akaunti, mwanangu. Twalib katwambia tuwahi."

Nilisema wawahi foleni! Wakafunga wote, thelathini na mmoja. Gladness kanipa mkono, kanishukuru. Nimempunguzia kazi ya wiki nzima.

Ijumaa, 28 Juni

Bango wamelishusha saa kumi. Pale lilipokuwa, rangi ya ukuta bado inang'aa kama ya jana. Nilikuwa mteja wa mwisho. Sikuwa na shida, niliomba salio tu. Stephano wa dirishani, aliyenihudumia tangu ana nywele, alinisomea polepole. Nje Mwajabu akanishika mkono, barabarani, mchana kweupe.

Jumatatu, 1 Julai

Jengo linakuwa duka la dawa! Ufunguzi Jumamosi. Nimeshawaita akina mama wa kikoba waje kujaza foleni, mwenye duka aone kwamba bila fotokopi jirani hatoboi. Bi Zubeda kauliza safari hii wakiulizwa wajibu nini. Nimefikiria kila kitu. Wote waseme wanaharisha.