Fuvu Lililochekesha Mji

Jumatatu, 3 Machi
Bomba kuu limepasuka. Maji yameingia uchafu, watu wanaharisha. Mkuu wa ofisi yetu ya maji kaniagiza nitangaze mtandaoni kwamba kila mtu achemshe maji ya kunywa. Miwani, mwenzangu ninayegawana naye chumba cha ofisi, kashauri tuweke picha ya sufuria jikoni. Sufuria! Nimeweka mafuvu manne, zile alama ndogo za kwenye simu. Mtu haogopi sufuria.

Jumanne, 4 Machi
Tangazo limeenea kama moto wa nyika. Maelfu wamelipenda. Nimepita mbele ya Miwani nikipiga mluzi.
Jioni binti yangu kaniuliza ofisi imeanza lini kufanya utani. Kumbe kwa vijana fuvu maana yake nimekufa kwa kicheko. Mji mzima unacheka na kunywa. Nimemwambia akasome.

Alhamisi, 6 Machi
Nimefuta mafuvu, nimeweka miali ya moto. Moto unachemsha, nani atakosea?
Wamekosea wote. Moto siku hizi ni sifa. Wanaandika kwamba maji yetu ni moto, hayana mpinzani. Mama mkwe, mtu pekee katika ukoo ule anayeniamini, kaona tangazo, kafurahi kuwa maji yamekuwa mazuri, kanywa kikombe kizima kutoka bombani.
Amelazwa. Mke wangu kaninunia.

Ijumaa, 7 Machi
Nimekwenda hospitali kumjulia hali. Mama mkwe kanitazama weee, halafu kasema polepole, “Baba, siku nyingine niambie tu kwa mdomo.”
Homa hiyo, inamsemesha.
Miwani kaweka sufuria yake. Watu wanatumiana mpaka basi. Mke wangu kanitumia na mimi, bila salamu. Picha yenyewe mbaya, hata mfuniko umekaa upande.

Jumatatu, 10 Machi
Mama mkwe karudi nyumbani, anakunywa ya kuchemsha. Ukurasa wa ofisi kapewa Miwani. Mimi nimekabidhiwa alama za milango, kazi ya heshima ukiitazama vizuri.
Leo nimemaliza vyoo. Jua kwa wanaume, mwezi kwa wanawake. Mkuu mwenyewe kaingia penye mwezi, kamkuta mama mhasibu. Kelele zimefika barabarani.
Nimemweleza mkuu kwa upole kwamba tatizo si alama, ni watu wa mji huu, vichwa vizito.
Nimeongeza nyota kando ya mwezi.