Malalamiko Dhidi ya Vyura Waliovuka Mpaka Bila Kibali

Mheshimiwa Msimamizi wa Hifadhi,

Salamu nyingi, na poleni kwa kazi ya kulinda bwawa. Mimi ni fundi cherehani wa nyumba ya mwisho huku juu mlimani. Nawaandikia kwa heshima zote kuwashtaki vyura wenu wa manjano, wale mliowapigania mpaka bwawa likazungushiwa uzio. Miaka hii joto limezidi, bwawa limekauka, nao wamepanda kufuata ubaridi. Wamehamia bafuni kwangu.

1. Hawakupiga hodi. Mama mkwe wangu aliingia hifadhini kuokota kuni, mkamweka kituoni kutwa nzima kwa kosa la kukanyaga tope kavu. Vyura wameingia kwangu familia nzima na hakuna hata mmoja aliyehojiwa.

2. Nilikuja ofisini kwenu na mmoja wao kwenye ndoo. Karani alikunjua ramani, akaweka kidole kwenye bwawa, akaniambia chura wa hifadhi anaishi hapa, huyo wangu hawamtambui. Chura alikuwa anamtazama usoni. Nilimwonea huruma sana, chura.

3. Mlinzi wenu, ambaye ni shemeji yangu, bado anafungua geti kila asubuhi na kuwaomba wageni wasipige kelele, wasije wakawashtua vyura. Wageni wa watu wananyamaza. Wananyata juu ya ardhi iliyopasuka, wanapiga picha na chura wa saruji mliyemjenga getini, wanaondoka wameridhika. Shemeji akitoka kazini anapitia kwangu kuoga, anawakuta anaowalinda wamejipanga pembeni ya sabuni. Huwa anawaomba radhi kabla ya kufungua maji.

4. Waliochelewa kuhama wanakwama kwenye uzio wenu, ule wa waya wa matundu madogo mliouweka ili wasidhurike. Wanang'ang'ania hapo mpaka jua linawamaliza. Nikienda kununua uzi nawakuta wamekauka kama vipande vya ngozi, na hapo, Mheshimiwa, sicheki. Nina hasira.

Kwa hiyo naomba ofisi yako ichague. Ama muwasomee vyura ramani, waelewe wanatakiwa kuishi wapi. Ama muliagize joto lirudi lilikotoka. Yote yakishindikana, leteni gari muwazoe wote, muwarudishe bwawani wakafie mahali panapotambulika kisheria. Kuupandisha mpaka wa hifadhi huku mlimani siwezi kuwaomba. Najua ni kazi nzito, maana itabidi mtu achore mstari mwingine.

Nisalimie wote hapo ofisini, hasa karani na kidole chake. Chura wa saruji naye mwambieni namsalimu, ndiye pekee aliyetii mpaka.

Wako mtiifu,
Fundi cherehani, nyumba ya juu

Nyongeza: Nilikuwa nafunga bahasha mume wangu akaniita bafuni. Beseni letu limejaa mayai. Mheshimiwa, nimefurahi hadi machozi yamenitoka. Ameshalifunika kwa chandarua kuku wasiyaguse, na kuanzia leo tunaoga kwa mama mkwe, ambaye hajawahi kunipenda na sasa amepata sababu. Tafadhali msilete gari. Mkija tutawaambia hawa ni vyura wa kawaida tu.