Kapteni Hageuki Nyuma

Dodoma imeshapokea wizara, imepokea mabalozi, imepokea na treni ya umeme, lakini hakuna ujio uliotangazwa kwa kelele kama ujio wa raba za Tumsifu!

Zilikuwa za njano, njano ya kuumiza macho. Na soli yake! Jamani, ile haikuwa soli, lilikuwa godoro. Ukiziangalia kwa pembeni ungedhani mtu kachukua mikate miwili ya boflo, kaitia kamba, kaivaa. Tumsifu akizivaa huongezeka urefu kiasi kwamba bosi wake, ambaye miaka yote alikuwa akizungumza na utosi wake, asubuhi moja alijikuta wanatazamana machoni. Akashtuka, akamsalimia.

"Hizi si raba," Tumsifu aliwaambia wenzake wa Vumbi Jogging Klabu pale uwanjani Ipagala, mguu mmoja kauinua hewani. "Huu ni mfumo!"

"Mfumo wa nini?" aliuliza Fabian, mwanachama mnene kuliko wote, ambaye hukimbia akiburuta miguu mpaka unamsikia kabla hujamwona.

"Mfumo wa kurudisha nguvu! Unakanyaga, ardhi inataka kukuumiza, soli inakataa. Inaichukua ile nguvu inakurudishia mwenyewe. Kwa mbio ndefu hakuna kama hizi! Lakini msiniamini kwa maneno matupu. Nitazifanyia tathmini."

Tumsifu ni afisa ugavi msaidizi katika ofisi moja kule Mtumba, na kwake yeye hakuna kitu kinachonunuliwa, kinacholiwa wala kinachopendwa bila kufanyiwa tathmini. Inasemekana hata mkewe, Devota, aliposwa baada ya vigezo kupitiwa upya.

Sasa, tathmini ile haikuwa ya bure. Kapteni wa klabu, Mazengo, alikuwa amehamishiwa Mpwapwa, na filimbi yake ilikuwa inatafuta shingo nyingine. Pale Vumbi filimbi haipigiwi kura, inakimbiliwa. Jumamosi ya mbio ndefu anayeitaka hutangulia mbele na kuanzisha wimbo, wenzake wanaitikia nyuma yake, kutoka Ipagala mpaka kule mwisho wa Nzuguni ambako nyumba zinakwisha na vichaka vinaanza, kisha kurudi. Akifika uwanjani na kundi lake nyuma na wimbo bado uko hai, filimbi ni yake. Wimbo ukikatika njiani, atakayeuokota ndiye kapteni.

Tumsifu aliitaka ile filimbi kuliko alivyowahi kutaka kupandishwa cheo. Ofisini hupewa nafasi ya kusema kwenye mengineyo, mwisho kabisa wa kikao, watu wakiwa wameshaanza kukusanya chupa zao za maji. Katika maisha yake yote hakuwahi kutembea akakuta kuna mtu anamfuata, labda mbwa, na hata huyo alikuwa anafuata mfuko wa nyama. Jambo hilo lilimuuma kweli, ingawa hakumwambia mtu.

Mpinzani wake alikuwa mmoja tu, Mwalimu Stara wa sekondari. Mwalimu Stara akiita mahudhurio, hata watoro wanaitika huko huko waliko!

"Mwalimu ana sauti, sikatai," alisema Tumsifu. "Lakini mimi nina sponji."

Tathmini ya kwanza ilifanyika sebuleni. Tumsifu aliiweka raba moja sakafuni, soli juu, akapanda kwenye kiti na yai mkononi.

"Hilo yai ni la chapati," Devota alimwonya.

"Mke wangu, leo ni la sayansi!"

Akaliachia. Yai likatua kwenye soli, likadunda salama salimini, likapaa, likaenda kupasukia kwenye saruji karibu na kabati la vyombo.

"Umeona?" Tumsifu alipiga makofi. "Kiatu kimefaulu!"

"Na sakafu yangu?"

"Sakafu haikuwa sehemu ya tathmini."

Devota alimpa dekio, naye akadeki huku akiimba.

Tathmini ya pili ilikuwa ya barabarani. Tumsifu alitoka alfajiri, anadunda mtaani, anapaa, anashuka, mpaka majirani wakadhani kaingiwa na kitu. Alipofika karibu na kwa Mama Erica, yule mama akamwita kutoka nyuma, "Habari za asubuhi, baba!" Tumsifu, mtu wa adabu, akageuza shingo aitikie. Mwili nao ukageuka. Soli, kwa jinsi ilivyokuwa ndefu na laini, ikakataa kugeuka. Raba zikaenda Nzuguni, Tumsifu akaenda kwenye mkeka wa mlenda uliokuwa umeanikwa!

"Mlenda wangu!" Mama Erica alipiga kelele.

Tumsifu aliinuka, majani makavu yamemjaa mpaka kwenye nyusi, akaomba radhi sana. Lakini mtu wa tathmini hakosi hitimisho. Jioni aliwatangazia wenzake kwamba kasoro haiko kwenye kiatu, kasoro ni kugeuka.

"Kuanzia leo," alisema, kidole juu, "kapteni hageuki nyuma! Kapteni anayegeuka ni kapteni asiyeamini watu wake!"

"Na mtu akidondoka?" Fabian aliuliza.

"Ataamka. Atakuwa ameniona mimi sijageuka, atapata moyo!"

Maneno yale yalimkaa vizuri mdomoni, na wiki nzima hakuacha kuyarudia. Aliyaandika kwenye kundi la simu la klabu asubuhi, mchana na jioni, akaweka na picha ya mgongo wake.

Jumamosi ikafika. Kiangazi kilikuwa kimekolea, upepo wa Dodoma unapuliza vumbi kama umelipwa posho. Mazengo alibaki uwanjani na filimbi yake shingoni, Devota naye akabaki akikoroga sufuria la uji wa wakimbiaji. Mwalimu Stara, kwa uungwana, akasema Tumsifu atangulie kwa kuwa ndiye aliyeomba mapema.

"Vumbi!" Tumsifu alianzisha.

"Latimka!" waliitikia.

"Nani mbele?"

Hilo la nani mbele halikuwamo kwenye wimbo, alilitia yeye. Lakini watu wakaitikia tu, "Tumsifu!" na safari ikaanza.

Na tuseme ukweli, mwanzoni alipendeza! Alidunda mbele ya wenzake, kifua wazi, mgongo umenyooka, njano inawaka. Nyuma yake miguu inatwanga ardhi kwa pamoja, na miguu ya Fabian inakwaruza, kwara, kwara, kwara. Tumsifu alisikia ile miguu yote na moyo wake ukajaa. Watu walikuwa wanamfuata. Yeye! Wa mengineyo!

Waliipita Nzuguni, nyumba zikapungua, wakaingia kwenye njia ya vichaka inayozunguka kurudi Ipagala.

Sasa kule, kiangazi majani yakiisha, wafugaji huwakatia mbuzi wao matawi ya mgunga yenye maganda, wakayaburuta mpaka mahali pa kulishia. Mbuzi wa kule akisikia tawi linaburutwa chini hahitaji kuitwa, hiyo ndiyo kengele yake ya chakula. Asubuhi ile mfugaji mmoja, Mzee Daudi, alikuwa amekata matawi mawili akayaacha njiani, akarudi kichakani kuongeza jingine. Mbuzi wake walikuwa wamesimama pembeni wakisubiri, wastaarabu kabisa.

Tumsifu alilikanyaga tawi la kwanza kwa uzito wake wote. Miiba myeupe mirefu, ile inayotoboa mpaka tairi la bodaboda, ikazama kwenye sponji mpaka mzizi wake! Mguu wa kawaida ungepiga yowe la kusikika Mpwapwa. Mguu wa Tumsifu haukupata taarifa. Akaendelea na safari, na tawi likaendelea naye, maganda yanachakarika nyuma ya kisigino.

Fabian, aliyekuwa nyuma yake, akalikanyaga tawi la pili kwa raba yake nyembamba ya mtumba.

"Yalaaa! Mwiba! Nakufa!"

Na kanuni ya Vumbi, tangu klabu ianzishwe, ni kwamba mmoja akichomwa mwiba wote wanasimama mpaka utoke. Wakasimama wote. Wote, isipokuwa mtu mmoja mwenye wimbo mdomoni ambaye alikuwa ameapa hadharani kwamba hageuki.

Mbuzi wa Mzee Daudi walitazamana. Chakula kilikuwa kinaondoka. Wakatoka mbio!

Tumsifu alisikia vishindo vimeongezeka nyuma yake, akatabasamu. Vijana wamepata moyo! Akasikia kwara, kwara, kwara. Fabian naye leo anaburuta miguu kuliko siku zote, aliwaza, lakini hajambo, anakwenda.

"Vumbi!"

"Meee!"

Wamechoka hawa, aliwaza kwa huruma. Pumzi zimekata, hata maneno hayatoki. Si ndiyo hayo ya soli nyembamba? Huu ni ushahidi, na ushahidi lazima ufike kwa wadau! Akachomoa simu mfukoni na kutuma ujumbe wa sauti kwenye kundi la klabu, huku anadunda.

Kule kwenye vichaka Fabian alikuwa amekaa chini, mguu umelala mapajani mwa mwanachama mwenzake, Nasri, Nasri anachokonoa mwiba kwa pini, na simu zao zote zikalia kwa pamoja. Mwalimu Stara akafungua ya kwake.

"Wadau, naripoti nikiwa mbele," ilisema sauti ya Tumsifu, inapanda na kushuka. "Kundi lote liko nyuma yangu. Ari iko juu sana. Sikilizeni wenyewe! Vumbi!"

"Meeeee!"

Mwalimu Stara akairudia tena.

"Samahani, Mwalimu," alisema Fabian, mwiba ameshausahau. "Hao ndio sisi?"

Walicheka mpaka Nasri akachoma mahali pasipo na mwiba. Mzee Daudi akatokea kichakani na tawi lake jipya, akatazama huku, akatazama kule.

"Mbukwenyi!" alisalimia kwa Kigogo. "Mbuzi wangu wameelekea wapi?"

"Shikamoo, mzee," alisema Mwalimu Stara akijifuta machozi. "Wako kwenye mbio. Twende nasi tutawakuta." Mwiba ukatoka, Fabian akainuliwa, naye Mwalimu akavuta pumzi. "Vumbi!"

"Latimkaaa!"

Tumsifu, yeye, alikuwa ameshaingia mitaani. Na mapokezi aliyoyapata! Watoto walikimbia pembeni wakishangilia, kinamama walishikana mabega, bodaboda wakapiga honi. Mama Erica aliukumbatia mkeka wake wa mlenda akaingia nao ndani. Tumsifu alipunga mkono kulia, akapunga kushoto, ila nyuma hakugeuka. Kidogo atokwe na machozi. Kumbe kuongoza watu ndiko huku!

Akaingia uwanjani, akasimama mbele ya Mazengo, mikono juu.

"Kapteni, nimewaleta wote!"

Mazengo alitazama juu ya bega lake. "Nawaona."

"Hakuna hata mmoja aliyebaki njiani!"

"Naam. Kuna mmoja ameshaanza uji."

"Baba," alisema Devota, upawa umeganda hewani, "hebu geuka."

"Kapteni hage..."

"Geuka, Tumsifu!"

Akageuka. Soli zikakataa, kama kawaida yake. Tumsifu akakaa chini puu, uso kwa uso na beberu mwenye ndevu, na nyuma ya beberu kundi zima la mbuzi, wote wanamtazama kwa umakini ambao hajawahi kuuona kwenye kikao chochote.

Mtu mwingine angenyamaza. Tumsifu alikumbuka kwamba yeye ni mtu wa taratibu.

"Kanuni inasema kapteni arudi na kundi nyuma yake na wimbo uko hai," alisema akiwa amekaa pale pale. "Haisemi kundi la nini! Nimeimba, wameitikia. Hawa viumbe, Kapteni, wameniona mimi ni kiongozi. Wameniamini!"

Mazengo alijikuna kichwa. Ukweli ni kwamba kanuni haikusema.

Hapo ndipo wimbo mwingine uliposikika barabarani, mzito, wenye maneno kamili, na klabu nzima ikaingia, Mwalimu Stara mbele, Fabian mwishoni akichechemea, Mzee Daudi katikati na fimbo yake. Mzee alimwinamia Tumsifu, akamshika kifundo cha mguu, akaling'oa lile tawi kutoka kwenye soli kwa kishindo, akalitupa upande wa pili wa uwanja.

Mbuzi wote wakageuka wakalifuata. Wote! Beberu ndiye aliyetangulia, bila hata kumuaga.

Tumsifu alibaki katikati ya uwanja peke yake, njano tupu. Hakuna aliyecheka mara moja, maana uso wake ulitia huruma. Kisha Fabian akashindwa kujizuia, na wakafuata wengine.

Mazengo alimvisha Mwalimu Stara filimbi. Mwalimu akaipuliza, uwanja ukatulia.

"Amri yangu ya kwanza," alisema. "Tumsifu, kaka yangu, mzee huyu miguu yake imechoka kwa ajili yako. Anywe uji apumzike, wewe mrudishie mbuzi wake Nzuguni."

"Watanifuata kweli?" aliuliza Tumsifu kwa sauti ndogo.

"Wewe? Hapana," alisema Mzee Daudi. Akaenda kuliokota tawi, akampa mkononi. "Shika hili, mwanangu. Liburute."

Akaenda. Raba zilidunda kwa aibu kuelekea Nzuguni, tawi likakwaruza, kwara, kwara, na mbuzi wakajipanga. Safari hii hakuimba. Alipofika kwenye kona, Fabian akamwita kwa sauti ya kutosha mtaa mzima.

"Kapteni! Usigeuke nyuma!"

Tumsifu hakugeuka. Mara hii alikuwa anawajua vizuri waliokuwa nyuma yake.