Simu Yangu, Makombo Yake na Mama Violeth

Jumatatu, 3 Machi 2025, Nyahanga

Mama Violeth bado yuko Masumbwe, analea mjukuu. Alisema anakaa mpaka kitovu kidondoke. Kimedondoka zamani, sasa anangoja meno. Nyumba imekuwa kubwa ghafla. Nakula ugali nikitazama kigoda chake.

Leo jirani yangu Maganga kapita makusudi. Eti kamwona mke wangu kwenye simu, Maganga alipompigia dada yake anayeishi Masumbwe. Eti kanenepa, kavaa kitenge kipya. Mimi mume sijamwona, mzee wa meno matatu kamwona! Simu yangu ni ya kale, programu ya kuonana uso kwa uso inaikataa.

Jumanne, 4 Machi

Nimeipeleka simu kwa Zipora, fundi wa sokoni. Kasema ataifleshi, yaani ataiwekea mfumo mpya, ila kwanza inafutwa kashe. Nikauliza kashe ni mdudu gani. Kasema ni makombo ya mfumo wa zamani. Mfumo mpya ukiyakuta unaweza kuchanganyikiwa. Si lazima kila mara, ila yeye haachi.

Makombo! Si ndimo ilimo sauti ya mama Violeth? Alinitumia siku alipofika: "Baba Violeth, funga zizi, mbuzi watamaliza mihogo." Naisikiliza kila asubuhi kabla ya uji. Zipora kaapa sauti haimo kwenye kashe. Simwamini. Marehemu baba alipohama Kagongwa alibeba kaa la moto la jiko la zamani, akawashia jipya. Leo nihame mikono mitupu?

Zipora kageuka kumhudumia mteja wa chaja. Skrini ikauliza: kufuta au kuruka. Nikaruka. Nikamwambia tayari binti yangu, imejifuta yenyewe. Akaendelea.

Alhamisi, 6 Machi

Simu ilirudi ikiwaka, leo haiwaki. Inaonyesha nembo, inazima, inaonyesha nembo. Kama jogoo anayefungua mdomo asiwike.

Uji bila kugombezwa haushuki. Nimeenda zizini nikajisemea maneno yake kwa sauti nyembamba. Mbuzi wamenishangaa. Maganga kasema niazime simu yake nimwone mke wangu. Nimekataa, sina shida. Uongo mtupu. Nimeutazama mfuko wake wa simu mpaka kapotea njiani.

Ijumaa, 7 Machi

Nimemwendea Zipora kwa ukali, nikimlaumu kabla hajaniuliza. Kaniuliza hivyo hivyo.

"Babu, uliruka?"

Nimekohoa sana. Kafuta kashe, simu ikawaka. Sauti ipo! Mbuzi, mihogo, vyote vipo. Kanionya: kashe haigusi vitu vyangu, lakini nikifuta data zote hakibaki kitu, hata sauti.

Jumapili, 9 Machi

Nimemwona kwenye simu yangu! Baada ya misa. Kanenepa kweli, Maganga hakudanganya, mshenzi yule. Kitenge cha kijani. Nilikuwa nimesahau anavyokunja jicho moja akitaka kucheka. Kaniuliza mbona mashavu yameingia. Nikamwambia arudi, nyumba haikaliki. Akafungua mdomo kunijibu, picha ikaganda. Mdomo wazi, jibu limo ndani.

Nimepiga tena, haishiki. Simu nzito.

Nimekaa nikafikiri. Kufuta kidogo kumeniletea uso wake. Nikifuta vyote, simu itakuwa nyepesi na jibu litatoka. Zipora bado mtoto, ana woga.

Nimegusa futa data zote. Inaniuliza kama nina uhakika.

Tangu nimwoe mama Violeth sijawahi kuwa na uhakika kama leo.