Nafasi ya Mwisho Jukwaani

Jumatatu, tarehe 4
Siku ya ishirini na mbili tangu mke wangu ahamie kwa dada yake. Nyumba kimya. Chai nimeinywa bila sukari, sijui aliiweka wapi. Alivyoondoka alisema hana ugomvi na mimi, ana ugomvi na ujanja wangu. Siku nitakayofanya jambo moja lililonyooka, nimwite.

Basi jambo limepatikana! Ijumaa jioni Mkunga mstaafu anafanya onyesho la sanaa kwenye ukumbi wa mtaa, kuchangia miwani ya watoto wasioona ubaoni. Nimejiandikisha kughani shairi. Beti kumi na nne, zote za kumsifu mke wangu. Nimepewa namba tatu. Nimempelekea habari, naye amejibu kwamba atakuja, ila zamu yake ya jikoni hospitalini inaanza saa moja na hawezi kuchelewa. Atakuja! Nimeshapiga pasi koti.

Jumanne, tarehe 5
Msiba. Orodha imebandikwa mlangoni pa ukumbi. Wa mwisho, namba tisa, ni nani? Fundi cherehani wa ng'ambo ya barabara! Mtaa mzima unajua kwamba anayefunga ndiye mkubwa. Na Fundi hajui a wala be. Sisi wengine tumeandika majina, yeye kachora mkasi! Vipimo vya wateja anaviweka kwa mafundo kwenye uzi, mashairi yake yote yamo kichwani. Na mimi, kinyozi ninayesoma gazeti hadi matangazo ya vifo, nimebanwa kati ya wanasarakasi na bibi mwenye filimbi.

Kwa hasira nimemkwaruza mteja sikio. Akafoka. Nikamghania beti mbili, akalipa haraka akaondoka.

Alhamisi, tarehe 7
Mambo yamenyooka! Nimevuka barabara nikamwambia Fundi kwamba mgeni rasmi ataondoka mapema, kwa hiyo wa mwisho atavighania viti. Nikamwambia achukue nafasi yangu, mimi nitavumilia ya mwisho. Fundi akanishika mikono yote miwili, machozi yanamlenga, akasema kumbe watu wananisema bure. Akanishonea na kifungo cha koti, hela akakataa.

Mkunga ameshabadilisha orodha. Mke wangu sijamwambia. Akitarajia namba tatu halafu nikatokea kwenye kilele cha shughuli, si ndiyo utamu wenyewe?

Jumamosi, tarehe 9
Jana sikuwa na mkono wa kushika kalamu.

Alikuja. Safu ya pili, gauni la bluu. Nilimwona kupitia tundu la pazia. Ilipoitwa namba tatu akajiweka sawa kwenye kiti, na akatoka Fundi. Akaghani habari za marehemu mkewe, alivyokuwa akimtungia uzi kwenye sindano macho ya Fundi yalipoanza kufifia, na kwamba sasa kila asubuhi anamwomba mpita njia. Ukumbi mzima ukalia. Mke wangu akajifuta macho, akageuza shingo kunitafuta. Kulia, kushoto, nyuma.

Ningeweza kutoka. Hatua sita tu! Lakini anayefunga haonekani kabla ya wakati wake. Nikakaa palepale. Bibi wa filimbi alipuliza mpaka nikamwombea pumu. Saa kumi na mbili na robo mke wangu akatazama saa ya ukutani, akachukua mkoba wake, akaenda.

Mgeni rasmi naye akaondoka. Kumbe nilisema kweli bila kujua! Zamu yangu ilipofika, mtunza ukumbi alikuwa anapandanisha viti. Wasikilizaji: Mkunga aliyekumbatia sanduku la michango, watoto wawili waliolala, na Fundi, aliyepiga makofi kila ubeti. Ubeti wa tisa unasifu gauni la bluu. Nikauruka.

Jumapili, tarehe 10
Loo! Fundi kaja asubuhi na habari. Ijumaa alimkimbilia mke wangu mlangoni, akamweleza kwamba nilimwachia nafasi yangu kwa moyo mweupe. Anasema mke wangu alijibu kwamba huenda nimebadilika. Atakuja Jumatano tuzungumze.

Nimecheza peke yangu, taulo begani.

Baadaye nikawaza. Huenda? Huenda ni neno la kuyumba, linataka mhimili. Kwa hiyo nimekaa nikamwandikia barua, kwa jina la Fundi. Kurasa tatu! Humo mimi ni mpole, mkweli, mtu asiyejua hila. Nimeandika kwa mkono wa kushoto, mwandiko wangu usijulikane. Nimeipeleka mwenyewe, nikaisukuma chini ya mlango wa shemeji. Hapa hata shetani hanikamati.

Jumatano, tarehe 13
Nimefagia. Nimefua mapazia. Nimenunua sukari. Tangu saa nne nimekaa naangalia mlango.

Saa kumi akaja shemeji, peke yake. Chai hakunywa, kiti hakukalia. Akaweka barua mezani, akasema pole, akaondoka. Ni ileile, kurasa tatu. Chini yake mke wangu kaandika mstari mmoja: Fundi amejua kuandika lini?

Nilijitazama kwenye kioo cha kinyozi, uso mzima, bila povu la kujifichia. Nimelia, humu siandiki uongo. Alikuwa anakuja. Nilitakiwa kukaa tu na kunyamaza, na hilo ndilo likanishinda.

Alhamisi, tarehe 14
Sikulala. Ila alfajiri akili imerudi. Kosa langu lilikuwa mpangilio tu.

Nimenunua daftari na penseli mbili, nimevuka barabara. Nimemwambia Fundi nitamfundisha kusoma na kuandika, bure, kila siku tukifunga kazi. Mzee wa watu kalia tena! Anasema maisha yake yote hajapata rafiki kama mimi. Tumeanza na herufi a. Karatasi haioni vizuri, lakini Mkunga anasema miwani moja ya ziada huenda ikapatikana. Akijitahidi, mwezi ujao ataweza kuinakili ile barua mwenyewe, neno kwa neno. Tarehe nitairudisha nyuma.