Mkwe Wetu na Ndoo Iliyohamia Chumbani Mwangu

Kwa Dada Mkubwa,
Mwenyekiti wa Vikao vya Ukoo,
Nyumbani kwako.

Dada yangu mpendwa,

YAH: OMBI LA KUITISHA KIKAO KUHUSU MKWE WETU NA BIA YAKE

Natanguliza shikamoo, kisha naomba radhi. Nimekaa kimya muda mrefu mno, na nimesikia kwamba ulimpigia binti yangu simu kumwuliza kama mkono wangu bado unaweza kushika kalamu. Unaweza. Kilichokosekana ni meza. Meza yangu ya kuandikia imegeuzwa mahali pa kukaushia chupa, zimesimama kichwa chini kama watoto walioadhibiwa, na kila nilipoomba nafasi ya kutosha karatasi moja niliambiwa nivute subira, bado zina maji. Leo zimekauka.

Ulinialika nihamie kwako, katika kile chumba cha uani, nami sikukujibu. Sitaki kuondoka kwa binti yangu kama mtu aliyefukuzwa na ndoo. Kwa hiyo, kabla sijafunga mizigo, naomba ukoo uamue ni nani kati yetu anayestahili kubaki. Nakuandikia wewe kwa sababu ni wewe uliyempitisha kijana huyu. Ulisimama mbele ya wajomba ukasema kwamba ni fundi majokofu, hana maneno mengi na hanywi ovyo, basi apewe binti. Yote uliyosema yalikuwa kweli. Hanywi ovyo. Anapika.

Kwa faida ya kikao, naomba nieleze. Mkwe wetu amejifunza kupika bia nyumbani, ile ya rangi ya shaba yenye harufu kali. Huchemsha kimea cha shayiri katika sufuria kubwa, hukichuja, hutia maua makavu ya kijani yanayoitwa hopsi, ambayo ndiyo huleta harufu na uchungu, kisha hupoza na kumimina katika ndoo yenye mfuniko. Humo hutia hamira na kuacha kila kitu kichachuke polepole. Usafi wake sina shaka nao; sufuria za nyumba hii hazijawahi kung'aa hivi. Malalamiko yangu ni haya yafuatayo:

1. Ndoo inakaa chumbani mwangu. Hamira haipendi joto, na chumba changu ndicho pekee kisichopigwa na jua la alasiri. Mimi nilipewa chumba hicho kwa heshima ya umri. Ndoo imekipata kwa kupimwa na kipimajoto. Juu ya mfuniko wake kuna kibomba chenye maji, kinachoruhusu hewa itoke. Kibomba hicho husema bluk, hunyamaza, kisha husema bluk tena pale tu mtu anapoanza kuamini kwamba kimekoma. Nimefundisha madarasa yaliyojaa hadi madirishani, wala sijawahi kukatizwa namna hiyo.

2. Kila asubuhi mkwe hubisha hodi, huingia, hupiga goti mbele ya ndoo, huitegea sikio, hutabasamu, na ndipo hunigeukia mimi na kuniamkia. Mimi ni wa pili. Juma lililopita aliuliza, "Imelalaje, Baba?" Nami nikaanza kumweleza kuhusu goti langu la kushoto. Alinisikiliza kwa adabu mpaka mwisho, kisha akauliza kama kibomba kilikuwa kikilia haraka au taratibu.

3. Majira ya baridi yalipoingia, ikaonekana kwamba hamira haipendi baridi pia. Sweta langu la kijivu, lile ulilonifumia wewe mwenyewe, limevishwa ndoo. Nilipolalamika, binti yangu alikuja, akalitazama, akasema kwamba mabega yamekaa vizuri kuliko yanavyokaa kwangu.

4. Nilitaka kujua ni kwa nini kimiminika kivishwe sweta. Nikajibiwa kwamba hamira ni kiumbe hai. Dada, naomba kikao kilitafakari jibu hilo kwa utulivu. Ikiwa hamira ni kiumbe hai, basi amehamia chumbani mwangu bila kubisha hodi, bila kutambulishwa, na pamoja na jamaa zake wote. Ikiwa si kiumbe hai, basi mkwe wetu huongea na ndoo. Kwa vyovyote vile, ukoo una kazi.

5. Bia ikishachacha hutiwa katika chupa, na kila chupa hupewa sukari kidogo ili itoe povu. Mkwe alitia sukari hiyo akaenda kutafuta vizibo. Nikiwa peke yangu mezani, niliona chupa zimepangwa mbele yangu, na sukari pembeni, na kijiko ndani ya sukari. Mtu yeyote aliyelelewa na mama yetu angefanya nilichofanya. Sikuambiwa kwamba zimeshatiwa. Hakukuwa na tangazo. Siku chache baadaye, mama mwenye nyumba alikuja kukagua paa linalovuja, akakaribishwa kiti, na kabatini chupa zikaanza kulipuka moja baada ya nyingine. Mkwe alilala kifudifudi. Binti yangu alilala juu ya mkwe. Mama mwenye nyumba alibaki ameketi, povu likimtiririka kutoka kwenye kilemba, akajilamba kiganja, akafikiri kidogo, akauliza kama ipo iliyopona. Paa halijatengenezwa mpaka leo, kwa maana kila akija kulikagua huishia sebuleni.

6. Chakula cha jioni kimekuwa chakula cha usiku, kwa sababu jiko lina shughuli.

7. Kila Jumamosi nyumba hii hupokea wageni watatu: kinyozi, mwalimu wa udereva, na mama mmoja wa maktaba tunayemwita Bi Taratibu kwa jinsi anavyoshika bilauri. Kila mmoja huja na chupa ya bia ngeni kutoka kwa wapikaji wadogo wadogo, ambao wageni hawa humaliza hata petroli kwenda kuwatafuta. Hawanywi kama watu. Humimina kidogo, huzungusha, huingiza pua, hufumba macho. Mmoja husema ananusa ganda la chungwa. Mwingine husema ni nyasi zilizokatwa sasa hivi. Bi Taratibu husema ni ubao wa msonobari, lakini uliolowa. Siku moja waliniomba nami niseme. Nilionja kwa ajili ya kumaliza ubishi, nikasema: imeanza vizuri, katikati imepotea njia, na mwisho haina hitimisho. Kinyozi akaweka bilauri chini akasema, "Mzee kamaliza." Tangu siku hiyo hawafungui chupa mpaka niwepo. Hunifuata hadi chumbani. Nikikawia, mwalimu wa udereva hunipigia honi. Nimestaafu, Dada, na nimerudishwa kusahihisha bila barua ya uteuzi.

8. La mwisho ndilo linalouma. Mkwe wetu amepika bia chungu kuliko zote alizowahi kupika, akaipa jina la Baba Mkwe. Kwenye karatasi iliyobandikwa chupani kuna picha yangu, ile niliyopigwa kwa ajili ya kitambulisho cha pensheni, siku ambayo mpiga picha alinichelewesha. Nilimwita, nikamtaka ajieleze. Akasema, "Baba, hiyo ni sifa. Mwanzoni inakunja uso, lakini ukiizoea hutaki nyingine." Binti yangu ilibidi atoke nje. Sasa, nikipita mtaani, watu nisiowajua hunitazama usoni kisha hutazama mikononi mwangu kama nimebeba. Muuza mkaa alinisimamisha ajue kama napatikana baridi. Nimeinywa bia hiyo mara kadhaa, kwa ajili ya ushahidi tu, na natamka rasmi kwamba uchungu wake hautoshi. Ikiwa ni mimi anayenikusudia, angeongeza hopsi dakika za mwanzo za kuchemsha, si kungoja mwisho kama mtu anayeogopa.

Kwa kuzingatia hayo yote, naomba kikao kitoe maamuzi haya. Kwanza, ndoo itoke chumbani mwangu. Ikishindikana kutoka, itambuliwe rasmi kuwa mwanafamilia, ili iwe chini yangu kwa umri na iniamkie. Ikiwa mkwe atapinga yote mawili, naomba ridhaa tuliyoitoa siku ya posa irejeshwe mezani, na kijana arudishwe kwa wazazi wake akalelewe upya kuanzia darasa la tatu, pale ninapohisi ndipo alipokosewa. Binti abaki. Sufuria kubwa ibaki pia, kwa kuwa imeshazoea jiko letu. Kama kikao kitaona hayo yote ni magumu, basi nitahamia kwako kabla ya mwezi kwisha, nami nitakushukuru ukinihakikishia kwamba katika chumba cha uani hakuna kitu kinachosema bluk.

Nisalimie shemeji fundi saa, wajukuu wote kwa ukubwa wao, yule jirani yako anayefungulia redio nyumba nzima, na mbuzi wako, kama bado ni yule yule. Binti yangu anakuamkia. Mkwe naye anakuamkia, nami nafikisha salamu zake bila kuziunga mkono.

Nakuachia shauri hili mikononi mwako, nikiamini kwamba haki haijazeeka kama sisi.

Mimi mdogo wako mtiifu,
Mwalimu Mstaafu wa Lugha.

Nyongeza: Nilikuwa nalamba gundi ya bahasha hii mkwe alipobisha hodi. Aliingia na binti yangu nyuma yake. Wameona sanduku langu juu ya kitanda. Hakupiga goti mbele ya ndoo, alisimama mbele yangu, akaniamkia kwanza, akasema, "Baba, tumekaa tukaongea. Usiondoke. Naacha kupika. Kinyozi anakuja kuchukua vyombo vyote jioni hii." Kisha akainama kushika mpini wa ndoo, machozi yakimlengalenga.

Nikamwambia aiweke chini. Nikamwuliza kama anajua anachotaka kukitikisa. Hopsi za mwisho, zile za kuongeza harufu, zimeingia humo jana tu, na machicha yameshaanza kutulia chini. Akasema, "Lakini Baba, kila unayoonja unasema ina makosa." Nikamwambia nilisema ina makosa, sikusema iachwe. Sijawahi katika maisha yangu kumruhusu mwanafunzi akusanye insha iliyofika katikati. Ataimaliza hii, kisha ataipika upya ile Baba Mkwe mpaka iwe na uchungu unaostahili jina, nami nitakuwa nimeketi karibu na sufuria.

Kwa hiyo kikao kisiitishwe. Kama wajomba wameshafunga safari, ajenda iwe kumkanya kinyozi. Kuhusu mimi kuhamia kwako, siwezi kusema lolote kwa sasa, kwani tumegundua kwamba kitanda changu ndicho kinachozuia hewa isiifikie ndoo. Binti yangu anashauri kitanda kisogezwe. Mimi naona kitoke kabisa. Tukishaamua, nitakuandikia.