Neno Moja na Kopo la Asali

Jumatatu, 11 Agosti 2025

Siku ya kuandikwa kwa wino mzito! Chuo chetu cha Dar es Salaam kimenialika, mimi Raymundi Lugembe, mwanafunzi wa uhandisi ujenzi ninayetarajia kuingia mwaka wa tatu, kujiunga na Programu ya Umahiri. Walioalikwa ni wachache mno. Masomo ya ziada. Msimamizi wa kukufuatilia. Na lililo kubwa kuliko yote: kila mwanafunzi atasanifu kazi moja ya ujenzi mtaani kwao, na Chuo kitaijenga. Jibu litolewe kabla ya Ijumaa saa sita mchana.

Mama alipiga vigelegele hadi majirani wa Isevya, hapa Tabora, wakadhani naoa. Kila masika maji ya barabarani huingia katika chumba chake cha ushonaji na kuondoka na vitambaa vya watu. Alitangaza palepale kwamba mfereji umepatikana. Niandike ndiyo, yaishe.

Nikamweleza kwa upole kwamba mambo hayaendi hivyo. Je, posa hujibiwa siku ileile? Binti anayeitikia barua ya kwanza hushukiwa kuwa na kasoro. Mtu mwenye thamani huombwa mara mbili. Mama akajibu kwamba yeye aliitikia barua ya kwanza. Sikuendelea na hoja hiyo.

Isitoshe, nina mashaka ya kitaaluma. Hisabati za ziada, tena Jumamosi! Si kwamba naziogopa. Nina msimamo juu yake.

Jioni nimetuma jibu. YAH: MASHARTI YA AWALI KUHUSU KUKUBALI AU KUTOKUKUBALI. Husika na kichwa cha habari hapo juu. Jumamosi ziwe huru. Jina langu litajwe kwa ukamilifu. Mwaliko urudiwe, safari hii kwa maneno ya kusihi. Nakala: Mkuu wa Kitivo, Mkuu wa Chuo, Jalada. Uandishi huu sikufundishwa na mtu. Nilijifunza mwenyewe kwa kusoma mbao za matangazo za ofisi za serikali kule Isikizya nikiwa darasa la sita, na tangu hapo nusu ya Isevya hulalamika kwa kalamu yangu.

Nimesikia kwamba Adelina naye amealikwa. Ni binti wa mwalimu wa kwaya ya Moraviani, mtaa wa pili kutoka kwetu, na tunasoma darasa moja. Amejibu: "Ndiyo, asante." Maneno mawili! Bila hata kichwa cha habari! Nimemsikitikia.

Jumanne, 12 Agosti

Simu kutoka kwa Dakta Chidawali, msimamizi wa Programu. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, kisha akaangua kicheko. Akauliza kama ndimi yule Mnyamwezi wa masharti. Akasema babu zangu walibeba pembe za ndovu kutoka Tabora hadi pwani bila kuweka sharti hata moja. Iweje mjukuu ashindwe kubeba kitabu cha hisabati siku ya Jumamosi? Au nitafutiwe punda? Akaongeza kwamba misafara yetu ilipofika kwao ilikuwa ikiomba maji ya kunywa kwa adabu, lakini ona sasa, imejua kuandika! Akakata simu akiwa bado anacheka.

Punda!

Sikula mchana. Kurasa nne. YAH: MALALAMIKO DHIDI YA KUDHALILISHWA KWA UKOO WA LUGEMBE NA WAPAGAZI KWA UJUMLA WAO. Nimedai aombe radhi kwanza kwa marehemu, kisha kwangu. Nakala kwa wote wa jana. Kwa Mkuu wa Kitivo nimetuma mara mbili, endapo ya kwanza itampita.

Mama akauliza kama katika kurasa hizo nne kuna mahali nimeandika ndiyo. Nikamjibu kwamba heshima hutangulia. Akasema heshima haijawahi kuzuia maji mlangoni.

Jumatano, 13 Agosti

Mjomba Ngollo, kaka yake Mama, anaishi nasi tangu alipostaafu kupakua mizigo stesheni. Asubuhi nilimsomea malalamiko ili afurahie mtiririko wake. Alicheka hadi akashika ukuta. Akaniuliza jina la huyo Dakta. Chidawali? Basi ni Mgogo! Mtani wangu!

Akanieleza, akijifuta machozi, kwamba tangu enzi za misafara Mnyamwezi na Mgogo ni watani. Tulipita kwao, wakatusumbua, nasi tukawasumbua, mwisho wote tukachoka kuchukiana tukabaki tukitukanana kwa raha. "Mgogo akikuita punda, mpwa wangu, amekuvutia kiti ukae." Aliongeza jambo fulani kuhusu Mgogo anayeacha kutania, lakini nilikuwa nimeshaanza kutafuta kalamu.

Malalamiko yamekwisha kupokelewa. Si neno. Mimi si mtu wa kurudi nyuma. Kumbe jambo lote ni utani! Nitautumia utani. Ninauandaa kwa maandishi, usije ukanitoka ovyo.

Adelina alipita kuazima cherehani ya Mama. Akaniuliza: "Mheshimiwa, umeshaombwa mara ya pili?" Nikaendelea kuandika kwa hadhi. Akasema yeye naye jana aliitwa punda, akamwambia Dakta basi aandae majani ya kutosha, maana punda wa Unyamwezi hula kuliko Mgogo. Wakacheka wote wawili. Utani wa namna hiyo ni wa sokoni. Hauna hata aya.

Alhamisi, 14 Agosti

Amepiga tena! Safari hii sauti kavu. Hakuna kicheko. Alisema malalamiko yangu yamesomwa katika kikao cha Kitivo, na yeye, mtu wa umri wake, ametakiwa kutoa maelezo kuhusu punda. Kuanzia leo hana utani nami. Kesho saa sita mchana atapiga simu: ndiyo au siyo. Nikisita, yupo kijana wa Moshi aitwaye Godbless anayesubiri. "Kwaheri, Ndugu Lugembe."

Ndugu Lugembe! Huu ndio utani wa kiwango cha juu! Nilicheka kwa muda mrefu na kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika, ili asibaki na shaka. Kisha nikamsomea niliyoyaandaa: "Kwa mujibu wa utani uliopo baina ya makabila yetu mawili, natamka kwamba kichwa chako ni kikavu kuliko mbuga za kwenu mwezi wa tisa, na kwamba udaktari wako ulipewa kwa kuhurumiwa."

Halafu simu ikakatika. Alizidiwa! Nimemtumia na maandishi, asije akasahau. Nakala kwa Mkuu wa Kitivo, Mkuu wa Chuo, Jalada.

Wakati wa chakula nilimsimulia Mjomba. Tonge likaishia njiani. Akauliza kama Mgogo yule aliniita kwa jina la heshima. Nikathibitisha. Akauliza kama alicheka. Hata kidogo, nikasema, na hapo ndipo ufundi wake ulipo. Mjomba akanawa mikono akaondoka, ugali ukiwa haujaguswa. Nadhani ni tumbo.

Ijumaa, 15 Agosti

Nitaandika kwa utulivu, maana siku hii itahitajika kama ushahidi.

Mama alitoka kwenye misa ya Kupalizwa Bikira Maria akaongozana na Adelina, ambaye alikuwa na begi la safari. Treni yake ni ya leo. Adelina alisema amezungumza na Dakta tangu alfajiri kwa niaba yangu. Nani alimtuma? Alisema mzee alikuwa amekasirika kweli, si utani. Alimbembeleza. Akamwambia kwamba mimi ndiye ninayeongoza darasa katika hesabu za maji, na kwamba mdomo wangu na kichwa changu havijawahi kukutana. Dakta mwishowe akacheka. Akasema kwa desturi, mtani aliyevuka mpaka hutozwa faini. Yangu ni kopo la asali ya Tabora. Adelina amchukulie kwenye treni. Na saa sita, neno moja tu kwenye simu. Ndiyo. Mambo yote yatafutika.

Kabla sentensi haijaisha Mama alikuwa amekwisha kutoa kopo kabatini, asali aliyoletewa na dada yake kutoka Urambo, akamkabidhi Adelina kwa mikono miwili.

Nikasimamisha kila kitu. Msimamizi wa Programu! Kabla ya uamuzi! Anapokea asali! Hivi ndivyo raia wema wanavyonaswa! Nikachukua kopo. Nikalifunga kwa kamba, nikadondoshea fundo nta ya mshumaa, nikabandika karatasi: KIELELEZO NAMBA MOJA. Adelina akamtazama Mama. Mama akatazama picha ya Bikira Maria ukutani. Mjomba akapaza sauti kwamba Mgogo amenirudishia utani, amefungua mlango, niingie! Nikamwambia kwamba kila mtego una mlango.

Saa sita simu ikalia. Dakta alikuwa akicheka kama siku ile ya kwanza. Akauliza: mpagazi, mzigo wangu umeshaondoka Tabora? Nyuma yangu Mama ananong'ona sema ndiyo. Mjomba ndiyo. Adelina ndiyo. Hata mama wa karanga aliyekuwa akipita dirishani, asiyejua chochote, akasema si useme ndiyo, baba.

Nikafungua karatasi. "Bila kuathiri haki zangu za sasa na za baadaye, na nikizingatia mazingira ya mashaka yaliyoligubika kopo tajwa..." Nilifika aya ya tatu. Kicheko kilikuwa kimekwisha. Dakta akauliza, kwa sauti ya taratibu sana, kama hiyo ndiyo "ndiyo" yangu. Nikamjulisha kwamba jibu limo katika aya ya tisa.

Kisha akanitakia masomo mema, Ndugu Lugembe.

Adelina alibeba begi lake akaenda stesheni. Hakuniaga. Mama aliingia chumba cha ushonaji, akaanza kuinua vitambaa kutoka sakafuni na kuvipanga juu ya meza, kimoja kimoja. Ni mwezi wa nane. Angani hakuna hata wingu.

Aya ya tisa ilikuwa nzuri sana. Inasikitisha kwamba haikusikika.

Jumatatu, 18 Agosti

Asubuhi nilijihimu kwenda kwenye ofisi inayoshughulikia rushwa. Nilipokewa na afisa aitwaye Zuwena. Alisoma kurasa zangu zote kwa makini, jambo lililonipa moyo. Kisha akauliza mtuhumiwa ni kabila gani. Mgogo. Na mlalamikaji? Mnyamwezi. Akaweka karatasi chini, akafunika uso kwa mtandio, mabega yakaanza kutikisika.

Alipopata pumzi alisema yeye ni Mzaramo, na kwao pwani wamesimuliwa kwamba Wanyamwezi walikuwa wakifika na mizigo kichwani. Hakujua kwamba hadi leo wengine hawajaitua. Akaniambia, Mnyamwezi, rudi nyumbani ukale asali yako kabla haijaomba wakili.

Mtumishi wa umma! Nikaomba aniandikie jina lake kamili, akaliandika, akacheka tena. Malalamiko dhidi yake yamefika ukurasa wa pili. Mjomba anasema Wazaramo nao ni watani wetu. Haijalishi. Utani una mahali pake, na ofisini si mahali pake.

Niliporudi nyumbani nilikuta Kielelezo Namba Moja kimeingiliwa. Nta imevunjwa. Mama na Mjomba wanachovya viazi vitamu. Nimewapa onyo la mdomo. Mjomba akanisogezea kiazi. Nilikula, kwa madhumuni ya uchunguzi.

Jioni Adelina alipiga simu kutoka Dar es Salaam. Nafasi yangu amepewa Godbless. Dakta amepokea kopo la asali ambalo Adelina alinunua stesheni kwa pesa yake, akitumaini kwamba huenda nikapata akili kabla treni haijaondoka. Adelina mwenyewe amekwisha kuchagua kazi ya kusanifu: mfereji wa Isevya, unaopita mlangoni kwetu. Atakuja mwezi wa kumi na mbili kupima. Anahitaji mwenyeji wa mtaa, anayejua mwelekeo wa maji, amsaidie kubeba kifaa cha kupimia na miguu yake mitatu. Dakta mwenyewe ndiye aliyenipendekeza. Amesema kizazi cha wapagazi hakipotezi kipaji, na nikibeba vizuri, mwakani ataniangalia tena.

Mama, aliyekuwa ametega sikio, alininyang'anya simu akapiga kelele: "Ndiyo! Anasema ndiyo!"

Nikaichukua simu. Nikaomba radhi kwa usumbufu. Nikamjulisha Adelina kwamba ombi lake la kwanza nimelipokea, na kwamba nasubiri la pili.